Walikale: Nyumba iliyoharibika inabomolewa na nani, na kwa kontra gani?

Wakaaji wanaorudi Walikale-centre na kwenye vijiji vya kando ya barabara ya taifa namba 3 wanakuta kazi moja ikiwangoja kabla ya kufikiri kujenga: kuangusha kile kilichobaki na kukiondoa. Ukuta wa udongo umelala upande mmoja, nguzo zimeoza, manjanja yametobolewa na risasi au yameng'olewa nusu, shimo la choo limejaa maji. Kwa macho, hiyo ni kazi ya siku mbili kwa vijana wanne. Lakini ndani ya kazi hiyo ndogo kuna maswali yanayoweza kugombanisha jamaa, majirani na viongozi: nani apewe kazi, kwa karatasi gani, mabaki ni ya nani, na nani atajibu kijana akiumia.

Waasi wa AFC/M23 waliingia Walikale-centre tarehe 19 Machi 2025, wiki saba baada ya kuiteka Goma. Mwanzoni mwa Aprili walitoka, na jeshi la serikali FARDC pamoja na Wazalendo wakarudi. Tangu wakati ule mapigano hayakuisha katika teritori. Yalihamia upande wa Pinga na kwenye mpaka na Masisi, ambako vijiji vimekuwa vikihama na kurudi mara nyingi kiasi kwamba watu hawahesabu tena. Kila kuhama kunaacha nyumba tupu, na nyumba tupu katika msitu wa Walikale haidumu. Mvua na mchwa humalizia kile ambacho silaha zilianza.

Ndiyo maana mazungumzo ya kujenga upya, yanayosikika kila mara baada ya mikataba ya Washington na Doha ya mwaka 2025, yanaruka hatua. Wafadhili huongea juu ya masomo mapya, vituo vya afya vipya, nyumba mpya. Mara chache mtu huuliza juu ya jengo la zamani lililosimama palepale panapotakiwa kujengwa. Katika bajeti nyingi kazi ya kubomoa hupewa mstari mmoja mdogo, "kusafisha kiwanja", na mstari huo ndio unaoishia mikononi mwa yeyote aliyepita karibu siku ile.

Kivu inajua vizuri jinsi mambo yanavyokwenda pasipokuwa na mwenye kazi. Nyiragongo ilipolipuka tarehe 17 Januari 2002, lava ilipita katikati ya mji wa Goma na kufunika sehemu ya kaskazini ya uwanja wa ndege. Wakaaji hawakungoja kampuni. Walivunja lava kwa nyundo, wakabeba mawe kwa chukudu, wakajenga juu yake. Ushujaa huo unasifiwa mpaka leo, na unastahili, lakini uwanja wa ndege ulibaki na njia fupi kwa miaka mingi, kwa sababu lava ya uwanja haiondolewi kwa nyundo na chukudu. Tarehe 22 Mei 2021 lava ilishuka tena, ikameza maelfu ya nyumba upande wa Buhene na kukata barabara ya Goma kwenda Rutshuru. Pale ilihitajika mashine ili magari yapite.

Mfano wa karibu zaidi ni wa Februari 2025. Kambi za wakimbizi wa ndani kandokando ya Goma, Bulengo, Lac Vert, Rusayo, Kanyaruchinya na nyingine, zilibomolewa kwa siku chache baada ya waasi kuwataka watu waondoke. Mamia ya maelfu ya watu walikuwa wakiishi pale, wengi wao wakitoka Masisi. Mbao, shitingi, matanki ya maji na milango ya vyoo vilibebwa na kila aliyeweza kubeba. Kambi yenye vyoo vingi namna ile hufungwa kwa utaratibu: shimo linawekwa chokaa au majivu, linajazwa udongo, linawekwa alama ili mtu asijenge juu yake kesho. Kazi hiyo ina mafundi wake na ina bei yake. Ikifanywa kwa kukimbizwa, kila mtu anabeba kinachouzika na kuacha kinachonuka.

Na Kalehe, katika Kivu ya Kusini, mafuriko ya tarehe 4 Mei 2023 yalipoifunika Bushushu na Nyamukubi, watu zaidi ya 400 walifariki na wengi hawakuonekana. Ndugu walichimba matope kwa majembe na mikono, bila kujua nani yuko chini ya jiwe gani. Mabaki ya nyumba huenda yamefunika mtu. Hilo peke yake linatosha kukataa wazo kwamba kuondoa kifusi ni kazi ya yeyote mwenye nguvu.

Karatasi iko wapi?

Sheria za Kongo hazikukosa la kusema juu ya nani ni mkandarasi. Antreprize inayotaka kazi rasmi inatakiwa kuandikwa katika daftari la biashara, RCCM, kuwa na kitambulisho cha taifa na namba ya kodi. Kwa masoko ya ujenzi, mara nyingi huombwa pia agrema ya wizara ya miundombinu na kazi za umma. Sheria namba 10/010 ya tarehe 27 Aprili 2010 juu ya masoko ya serikali inataka ushindani kati ya wanaoomba kazi. Juu ya karatasi, kila kitu kiko sawa.

Shida ni ramani. Kwa miaka mingi, kijana wa Walikale aliyetaka kuandikisha antreprize yake alipanda gari kwenda Goma. Huko ndiko kulikuwa ofisi, benki, na mtu wa kujaza fomu. Tangu Januari 2025 Goma iko chini ya AFC/M23, benki za pale zilifungwa, na serikali ya jimbo la Kivu ya Kaskazini inafanya kazi Beni. Kutoka Walikale hadi Beni hakuna njia ya moja kwa moja inayopitika kwa usalama. Msafiri huzunguka kupitia Lubutu na Kisangani. Anayeshika karatasi ya zamani iliyotolewa Goma bado ni mkandarasi halali, lakini akitaka kuitengeneza upya, au kupokea malipo kwenye konti ya benki, anaanza safari inayoweza kula faida yote ya kazi aliyoiomba.

Matokeo yake yanaonekana bila kutafuta sana. Mfadhili anatangaza kazi: kubomoa darasa lililoanguka, kuondoa mabaki, kusawazisha kiwanja. Anaomba RCCM, namba ya kodi, cheti cha benki, uzoefu wa miaka kadhaa. Antreprize ya Kisangani au Kinshasa ndiyo inayojibu. Inashinda, inatuma mtu mmoja na begi. Huyo akifika anamtafuta kapita wa mahali, kapita anakusanya vijana, na kazi inafanywa na walewale ambao wangeifanya tangu mwanzo, kwa sehemu ndogo ya bei. Aliyebeba hatari ya ukuta ni kijana wa Walikale. Jina lililoandikwa kwenye fakture ni la mwingine.

Kuna sheria iliyotungwa kuzuia mambo kama hayo, angalau nusu yake. Sheria namba 17/001 ya tarehe 8 Februari 2017 inatawala kazi zinazogawiwa kwa mkandarasi mdogo katika sekta binafsi. Inaziweka kwa antreprize zenye mtaji wa Wakongomani, inakataza kugawa zaidi ya asilimia 40 ya thamani ya soko, na mamlaka yake ya udhibiti, ARSP, imekuwa ikizunguka nchi ikiwahimiza vijana waandikishe antreprize. Lakini sheria hiyo inataja Wakongomani. Haitaji mzaliwa wa teritori. Kwa maandishi yake, mtu wa Lubumbashi ni "wa hapa" Walikale sawasawa na mtu wa Mubi. Mkaaji wa Njingala akisema "wapeni kazi watu wa hapa" anataka kitu kingine kabisa, na mjadala wa namna hiyo huwa mkali zaidi karibu na migodi.

Bisie inaonyesha umbali uliopo. Mgodi wa Alphamin, ulio katika msitu wa teritori hiyohiyo, ulitoa tani zaidi ya 17,000 za madini ya bati mwaka 2024. Ulisimamisha kazi tarehe 13 Machi 2025 waasi walipokaribia, na tarehe 9 Aprili kampuni ikatangaza kuanza tena hatua kwa hatua. Kampuni ya ukubwa huo ina wanasheria, wahandisi na mashine zake, na Kodi ya Madini iliyorekebishwa mwaka 2018 inaidai itoe angalau asilimia 0.3 ya mauzo yake kwa maendeleo ya jamii za pale. Kwa hiyo pesa za kujengea masomo na vituo vya afya hupatikana katika teritori, hata kama si nyingi kama watu wanavyotaka. Kinachokosekana ni daraja kati ya pesa hizo na kikundi cha mafundi wanane chenye bruweti tatu na nyundo mbili, kinachojua kazi lakini hakina karatasi.

Je, karatasi ingetosha? Jirani zetu wa mashariki wanajibu kwamba hapana. Kenya ina mamlaka ya taifa ya ujenzi, NCA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2011, na kila mkandarasi ana daraja lake kutoka la kwanza hadi la nane. Hata hivyo, usiku wa tarehe 29 Aprili 2016 jengo la ghorofa lilianguka Huruma, Nairobi, likaua karibu watu 50. Lilikuwa limeshatiwa alama ya kubomolewa. Hakuna aliyelibomoa, na wapangaji waliendelea kulipa kodi. Tanzania nayo ina bodi ya kusajili makandarasi tangu 1997, na tarehe 16 Novemba 2024 jengo la Kariakoo, Dar es Salaam, lilianguka huku kazi za kuchimba chini yake zikiendelea na maduka ya juu yakiwa wazi. Daftari la serikali linasaidia kumpata wa kumshitaki baadaye. Kumsimamisha fundi asichimbe chini ya ukuta wenye watu kunahitaji mtu aliye palepale, mwenye macho na mwenye neno.

Walikale haina maghorofa ya Kariakoo. Nyumba nyingi ni za mbao na udongo, chache za matofali. Lakini macho na neno ni yale yale, na pale ambapo daftari liko mbali namna hii, ndiyo kinga ya kwanza.

Kinacholala chini ya mabaki

Swali la kwanza kwa fundi yeyote anayejitolea kubomoa nyumba iliyopitiwa na vita halihusu bei. Linahusu atakavyofanya akikuta chuma asichokijua. Anayejibu kwamba atakitoa kwa jembe na kukiweka pembeni, huyo asipewe kazi, hata akiomba nusu ya bei. Guruneti, kombora ambalo halikulipuka, hata kichwa cha roketi kilichopata kutu, vinaweza kukaa chini ya manjanja yaliyoanguka kwa miaka na kulipuka kwa pigo moja la jembe au moto wa takataka. Moto ndio mbaya zaidi, kwa sababu kuchoma mabaki ni desturi ya karibu kila lupango.

Mwendo unaotakiwa unajulikana: kutogusa, kurudi kwa njia ileile uliyoijia, kuweka alama inayoonekana kwa mbali, kuwazuia watoto, kumwarifu shefu wa lokalite na viongozi ili habari ifike kwa wataalamu. Kongo ina kituo chake cha kupambana na mabomu ya ardhini, CCLAM, na idara ya Umoja wa Mataifa inayoshughulika na kazi hiyo, UNMAS, imefanya kazi Kivu kwa muda mrefu. Sheria namba 11/007 ya tarehe 9 Julai 2011 iliingiza katika sheria za nchi mkataba wa kukataza mabomu hayo. Inachekesha kidogo, kwa uchungu, kwamba siku hiyohiyo ilitiwa sahihi sheria namba 11/009 juu ya kulinda mazingira, ile inayogusa takataka. Nchi ilikuwa na siku moja nzuri ya kazi juu ya mambo haya mawili. Zaidi ya miaka kumi baadaye bado yanakutana katika rundo moja nyuma ya nyumba.

Wataalamu hawafiki haraka, na hilo kila mtu wa Walikale analijua. Ndiyo sababu kontra ya kubomoa inapaswa kusema wazi kwamba kitu cha hatari kikionekana, kazi inasimama na fundi hapotezi malipo ya siku alizokwisha fanya. Bila mstari huo, fundi mwenye njaa atakificha, atakizungusha, ataendelea. Ni pesa inayomsukuma, na ni mwenye nyumba aliyeandika, au aliyeacha kuandika, jinsi pesa inavyotoka. Watoto wanaookota vyuma ili kuwauzia wanunuzi wa vyuma vya zamani wanahitaji kukumbukwa pia: rundo lililoachwa wazi usiku mmoja ni duka kwao.

Hatari nyingine ni za kawaida zaidi na zinaua polepole au zinaumiza. Misumari ya manjanja kwenye miguu iliyovaa kandambili. Betri za sola zilizopasuka. Sindano katika kituo cha afya kilichoporwa. Na kama jengo ni la wakati wa ukoloni, la misheni au la kampuni ya madini, lenye paa la bati la saruji badala ya chuma, huenda lina asbestosi, ambayo vumbi lake halifai kuvutwa. Bati kama hilo hulowanishwa kwa maji, hushushwa zima bila kupigwa nyundo, na huzikwa mahali panapojulikana. Fundi aliyezoea atasema pia kwamba paa hutoka kwanza, kisha mbao za juu, kisha ukuta kutoka juu kwenda chini. Anayeanza kwa kuchimba chini ya ukuta ili uanguke kwa kishindo anaokoa nusu siku na anauweka ukuta wa jirani mikononi mwa Mungu. Ukuta wa udongo uliolowa mvua ya usiku haungusiwi asubuhi yake.

Mabaki yana mwenyewe

Mali bila daftari hupotea bila habari, na hakuna mahali ambapo msemo huo unaonekana haraka kama kwenye rundo la nyumba iliyobomolewa. Kwa mgeni, lile rundo ni takataka. Kwa Walikale, ambako karibu kila kitu cha dukani kimefika kwa gari lililokwama njiani siku kadhaa, au kwa ndege, au mgongoni mwa motari, rundo hilo ni mali: manjanja yanayoweza kuzibwa, mbao ngumu za msituni, milango, fremu za madirisha, misumari inayonyooshwa kwa nyundo na kutumika tena, matofali mazima. Fundi anayesema "nitabomoa bure" amekwisha hesabu vyote hivyo. Huenda bei yake ni ya haki. Lakini mwenye nyumba anapaswa kujua kwamba analipa kwa manjanja, na ayahesabu kabla ya kusema ndiyo.

Mazungumzo bora ni yale yanayotenganisha mambo mawili. Kwanza bei ya kubomoa na kubeba, kwa devi inayosema ni siku ngapi, watu wangapi, mabaki yatapelekwa wapi na kwa safari ngapi. Pili orodha ya vitu vinavyobaki kwa mwenye nyumba, na vile ambavyo fundi anaruhusiwa kuchukua kama sehemu ya malipo. Ikiwa ni forfe, bei moja kwa kazi nzima, basi iandikwe kazi nzima ni nini: je, inaingiza shimo la choo? Inaingiza msingi wa mawe? Ugomvi mwingi wa forfe huanzia kwenye vitu viwili hivyo.

Halafu kuna jambo zito zaidi, la nyumba ambayo mwenyewe hayupo. Katika teritori ambako watu wamekimbilia Goma, Bukavu, Kisangani au ndani ya msitu, nyumba iliyoanguka kando ya barabara inaonekana haina mtu. Jirani anaomba ibomolewe kwa sababu imekuwa maficho ya nyoka na ya wezi. Mtu mwingine anaomba kwa sababu anakitaka kiwanja. Sheria ya ardhi ya tarehe 20 Julai 1973 inasema ardhi ni ya serikali, na haki ya kudumu hutolewa kwa cheti cha kuandikisha. Lakini wengi Walikale wanashika parseli zao kwa mila, kwa ushuhuda wa shefu na wa wazee, au kwa karatasi ndogo ya kuuziana. Ushuhuda huo umejengwa juu ya vitu vinavyoonekana: mti, mfereji, msingi, ukuta. Ukiuangusha ukuta na kusawazisha msingi, umefuta pia ushahidi wa mtu aliye kambini.

Kwa hiyo fundi wa kweli anauliza: hii nyumba ni ya nani, na yuko wapi? Anataka kumwona mwenyewe, au kusikia sauti yake kwa simu mbele ya mashahidi, au kuona barua yake. Anakubali kupiga picha nne za pembe za parseli kabla ya kuanza. Anaacha mawe ya pembe mahali pake. Kazi hiyo ya picha haichukui hata saa moja, na simu yenye kamera ipo karibu kila avenyu. Shefu wa lokalite anayeweka sahihi kwenye ukurasa wenye orodha na picha anawaachia waliokimbia kitu ambacho hukumu nyingi za ardhi za Kivu zimekosa.

Nani analipwa, nani analazimishwa

Kodi ya Kazi ya tarehe 16 Oktoba 2002 inasema jambo ambalo makapita wengi hulijua na wafanyakazi wengi hawalijui: mfanyakazi wa siku aliyekwisha fanya siku 22 ndani ya miezi miwili, akiajiriwa tena kabla ya miezi hiyo kuisha, anahesabiwa kuwa na kontra isiyo na mwisho. Ndiyo sababu kwenye kazi kubwa vijana hubadilishwa kabla ya siku hiyo kufika. Kwa nyumba moja jambo hilo halina uzito. Kwa antreprize iliyopewa kubomoa na kusafisha masomo au vituo kadhaa kwa mfululizo, lina uzito, na shirika la raia lina haki ya kuuliza orodha ya wafanyakazi inafananaje wiki ya kwanza na wiki ya tano.

Lipo pia lile ambalo halina kontra hata kidogo. Salongo ilizaliwa wakati wa Mobutu kama kazi ya pamoja ya kusafisha, na vijiji vingi bado vinaifanya kwa moyo, asubuhi ya siku moja ya juma, kila nyumba na jembe lake. Lakini jina hilohilo limetumiwa na vikundi vya silaha, wa upande huu na wa upande ule, kuwatoa watu kwa nguvu kubeba mizigo, kuchimba mahandaki, kufyeka barabara. Ripoti za wataalamu wa Umoja wa Mataifa zimeandika kazi za lazima za namna hiyo katika Kivu kwa miaka. Kwenye kazi ya kubomoa mpaka huo hufutika kwa urahisi. Mabaki ya ofisi ya umma yanahitaji kuondolewa, anatokea mwenye bunduki anasema "leo ni salongo", na mbao nzuri zinapanda gari lake jioni. Kamati ya masomo au ya kituo cha afya yenye kontra ya maandishi na fundi anayejulikana ina angalau karatasi ya kuonyesha kwamba kazi tayari ina mwenyewe. Haizuii bunduki. Inazuia baadhi ya wale wanaojificha nyuma ya neno salongo.

Kwa masomo, jambo hili lina kalenda yake. Mwaka wa masomo huanza Septemba, na kamati ya wazazi ikiwa na darasa lililolala chini haiwezi kungoja karatasi za Beni wala soko la mfadhili litakalotangazwa mwakani. Njia ambayo iko mikononi mwao ni ndogo. Kuwaita mafundi wawili au watatu wanaojulikana, kila mmoja alete devi yake. Kwenda kuona mahali kila mmoja alipofanya kazi mara ya mwisho na kumuuliza mwenye nyumba ile kama manjanja yake yalirudi kamili. Kulipa kwa sehemu tatu, ya mwisho ikitoka baada ya kiwanja kukaguliwa. Kusoma kontra kwa sauti, kwa Kiswahili, mbele ya fundi na vijana wake wote, kwa sababu kapita asiyetaka vijana wasikie bei huwa ana sababu.

Kuhusu mahali pa kutupa, Walikale-centre ina jaribu kubwa ambalo ni mto Lowa. Unapita karibu, unabeba kila kitu, na asubuhi hakuna anayekiona tena. Udongo safi wa ukuta unaweza kujaza mashimo ya barabara, na barabara zenyewe hazikosi mashimo. Matofali yaliyovunjika hufaa chini ya msingi mpya. Mbao zilizooza ni kuni, zikiwa hazina rangi wala dawa. Kinachobaki baada ya hapo, betri, plastiki, sindano, ni kidogo kiasi cha kuingia katika shimo moja lililochimbwa mbali na kisima na mbali na kingo za mto, likifunikwa na kuwekwa alama. Fundi asiyetaka kusema mabaki yataenda wapi amekwisha kusema. Watu wa vijiji vya chini ya Lowa huchota maji humohumo.